Mwalimu Anakula Mwisho

Siku yangu ya kwanza kazini nilikabidhiwa boksi la chaki, fimbo ya mti wa mpera na jembe lenye mpini uliopasuka. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, nimetoka chuo cha ualimu, na kwa ujinga wangu nilikuwa nimevaa viatu vya kisigino katika tope la Tukuyu. Mwalimu Mkuu, mzee mfupi aliyejifunga skafu shingoni masika na kiangazi, alinitazama miguu kwanza, halafu uso.

"Unafundisha somo gani?"

"Sayansi na hisabati, Mkuu."

"Basi wewe ni Mwalimu wa Shamba. Vua hivyo viatu."

Nyinyi walimu wa sasa hamkijui cheo hicho. Kila shule ilikuwa na shamba lake, na Mwalimu wa Shamba ndiye aliyejua siku ya kupanda, nafasi kati ya shina na shina, na nani analima leo. Hilo la mwisho ndilo lililokuwa kazi hasa. Mkuu alinipa sheria siku hiyohiyo, tumesimama kwenye matuta ya viazi, mimi nikiwa peku.

"Aliyechelewa, shambani. Aliyepiga kelele, shambani. Mwenye sare chafu, shambani. Ukifuata hivyo, Mwalimu, hutakosa watu wa kulima."

Nikafuata. Nilikuwa mkali, na wala sijutii ukali wote. Niliwafundisha watoto kitalu, yaani kile kisehemu kidogo cha kukuzia miche kabla ya kuihamisha. Niliwafundisha matandazo, majani makavu ya kufunika udongo usikauke. Niliwafundisha kupunguzia, kung'oa miche iliyosongamana ili inayobaki ipate kupumua. Lakini tuseme ukweli, nani anasikiliza somo la kupunguzia huku amepelekwa pale kwa sababu kifungo chake kimekatika? Walilima wakiangalia jua, wakingoja kengele.

Mahindi yakikomaa, watoto waliyavuna na kuyabeba kichwani. Sehemu ilikwenda stoo kwa ajili ya uji, ambao ulipikwa wiki mbili tatu ukaisha. Sehemu kubwa ilikwenda nyumbani kwa Mkuu, na sisi walimu wengine kila mmoja alipata debe lake. Nilipata langu kila mwaka. Sikuliomba na sikulikataa.

Baada ya miaka kumi na mmoja nilihamishiwa Mbozi, shule kubwa yenye shamba la kahawa na bustani ya mboga. Huko mkubwa wangu alikuwa Mratibu Elimu Kata, mama mwenye pikipiki aliyependa mistari iliyonyooka. Akija kutembelea, tulivuta kamba usiku kucha ili asubuhi matuta yaonekane yamepigwa rula. Siku moja alikuja na Mkaguzi kutoka wilayani. Mkaguzi aliinama kwa mtoto wa darasa la tatu aliyekuwa anapalilia vitunguu.

"Hebu niambie, hii hapa ni nini?"

Mtoto akasimama wima. "Hii ni adhabu, Mwalimu."

Tulicheka sana, hata Mratibu alilazimika kushika pikipiki yake. Mkaguzi aliandika kwenye daftari kwamba shamba letu ni la mfano. Mimi nilicheka kuliko wote, na kwa miaka mingi nilisimulia kisa hicho kama kichekesho.

Nilipofika miaka arobaini na sita niliomba kuacha kazi nimfuate mume wangu Guangzhou, China. Yeye alikuwa wakala wa kago. Aliwapakilia wafanyabiashara wetu makontena ya nguo na vifaa vya umeme yanayotokea bandari ya Nansha kwenda Dar na Mombasa. Nilidhani nitapumzika. Nikakaa miezi miwili ndani ya chumba, nikitazama dirisha la jirani, mpaka mume wangu akaniambia nitafute cha kufanya kabla sijaanza kumpa yeye zamu ya kufagia.

Nyuma ya masoko ya nguo ya Liuhua palikuwa na shule ndogo ya watoto wetu, orofa ya tatu katika jengo lisilo na lifti. Watanzania wa bara, Wakenya, Wakongo wachache. Wazazi walitoka asubuhi kwenda Zhongda kuchagua vitambaa au kuzunguka masoko ya viatu, na watoto walibaki na sisi mpaka jioni. Mkurugenzi alikuwa mama wa Nairobi tuliyemwita Madam Wangeci, mwanamke mrefu asiyekaa chini hata akila.

"Mwalimu Sekela, sina pesa mingi na sina nafasi," aliniambia siku aliponiajiri. "Niko na watoto tu, na wako na kelele noma."

"Kelele naziweza," nikamjibu.

Kwa miaka ya mwanzo nilifundisha hisabati na Kiswahili, sikugusa udongo. Kilichonirudisha kwenye jembe ni swali dogo. Nilikuwa nafundisha darasa la tatu kuhusu vyakula, nikauliza, "Mchicha unatoka wapi?"

Mkono wa kwanza ulikuwa wa Neema, binti wa miaka minane, mwenye akili kali na mdomo mkali zaidi. Baba yake, mtu wa Shinyanga, alikuwa ananunua majora ya vitambaa Zhongda.

"Unatoka kwenye simu, Mwalimu. Mama anabonyeza, halafu yule kaka wa helmeti ya njano anauleta mlangoni."

"Sawa. Na kabla ya kuja kwenye simu, mchicha unakuwa wapi?"

Neema alifikiri kwa makini kabisa. "Unakuwa bado haujaagizwa."

Nilitazama darasa zima. Hakuna aliyecheka. Watoto ishirini na wawili walikuwa wanangoja niseme ndiyo, amepata. Bibi zao wote wana mashamba, na hawa hawajui kwamba jani linatoka kwenye ardhi. Nilikasirika, sikuwakasirikia wao, nilikasirika tu. Kengele ilipolia nilipanda moja kwa moja kwa Madam Wangeci nikamwambia nataka bustani.

"Wapi, Mwalimu? Kwenye ngazi?"

"Juu ya paa."

Paa lilikuwa orofa ya saba, la bapa, na lilikuwa chini ya mwenye jengo, laoban, kama tunavyowaita huku mabosi wote wa Kichina. Laoban alikuja na mkono nyuma ya mgongo, akasikiliza maneno yetu yote, akajibu kwa neno moja la kukataa. Tulirudi kwake mara nne. Mara ya tano aliona afadhali akubali: bustani iwepo, ila maboksi yasiguse sakafu ya paa, na siku tone moja la maji likivuja orofa ya sita, kila kitu kitupwe. Mume wangu akanipatia mapaleti, yale machaga ya mbao ya kuwekea kago, nikayapanga paani. Sokoni tukaokota yale maboksi meupe mepesi ya kubebea samaki wa barafu, tukayatoboa chini. Udongo ulikuja kwa gunia kutoka nje ya mji, na nilipanda nao ngazi za orofa saba mimi mwenyewe, nikipumzika kila orofa na kumtazama vibaya kila aliyenipita mikono mitupu.

Sasa sikilizeni nilivyojiaibisha. Mwezi wa nne mvua zikaanza. Mimi miaka ishirini na nne nimefundishwa na kufundisha kwamba mvua za kwanza ndizo za kupanda, na tena kuchelewa siku tatu ni uvivu. Nikawapandisha watoto juu, tukasia mchicha, maharage, sukuma wiki kwa ajili ya Wakenya. Mvua ya huku haikuja kunyesha, ilikuja kumwagwa. Ikanyesha siku kumi, ikapumzika mchana mmoja, ikaendelea. Mbegu zilizoota zilioza shingo, zisizooza ziligugunwa na konokono, na maharage yalielea ndani ya boksi nikiyaona kwa macho yangu.

Paani palikuwa na mama mmoja aliyefagia jengo, mwanamke mwembamba wa umri wangu kutoka vijiji vya mkoa huuhuu. Mama wa umri huo huku anaitwa Ayi, basi na sisi tulimwita hivyo. Alikuwa amenitazama tangu siku ya kwanza bila kusema kitu. Siku nilipokuwa namwaga maboksi alikuja na mwavuli wake, akaninyooshea vidole kuhesabu miezi: wa nne, wa tano, mpaka wa tisa, kwa kila mmoja akitikisa kichwa. Alipofika wa kumi akatabasamu, akapiga boksi kofi.

"Kwa nini hukuniambia?" nikamwuliza kwa Kichina changu cha sokoni.

"Hukuuliza," akasema. "Ulikuwa mwalimu sana."

Kwa hiyo nikangoja mwezi wa kumi. Ilinichoma kungoja, maana wazazi walishaanza kusema Mwalimu Sekela amepoteza muda wa watoto kwa matope. Lakini Ayi alikuwa amesema kweli: joto lilipungua, anga ikakauka, na tuliposia choi sam, ile mboga ya huku yenye shina tamu na maua madogo ya njano, iliota siku ya tatu, na mchicha na sukuma tulizosia upya zikafuata. Watoto walipanda ngazi wakikimbia. Neema alijichagulia boksi la pembeni akaliita lake, na akawa hamruhusu mtu kuliegemea. Nilimwonyesha kupunguzia. Aliuliza kwa nini tunang'oa mzima, nikamwambia ili mwenzake akue.

Basi ningeachia hapo ningekuwa mtu mwema katika habari hii. Wiki ya tatu, watoto wanne walichelewa kurudi darasani baada ya chakula. Walikuwa wamesimama dukani chini wakitazama kitu kwenye simu. Mimi nilikuwa nimeumwa kichwa tangu asubuhi, ubao umejaa sehemu za kumi, na walipoingia wakicheka, mkono wangu ulinyooka wenyewe.

"Juu! Mkapalilie mpaka kengele. Na nisisikie sauti."

Sikufikiri. Ningesema nilifikiri ningekuwa naongopa. Maneno yalikuwa yamekaa mdomoni tangu Tukuyu, yakatoka. Wanne hao walipanda, na Neema alikuwa mmoja wao.

Nilipokwenda kuwatazama, Ayi alikuwa amesimama katikati yao ameshika kijembe. Watatu walikuwa wameinamia maboksi wamenuna. Neema alikuwa amekaa sakafuni analia, na boksi lake la pembeni lilikuwa tupu. Alikuwa ameng'oa choi sam yote, shina baada ya shina, akaipanga juu ya paleti. Nikamwuliza kwa nini.

"Umesema tupalilie," akanijibu, na hakunitazama.

Ayi alinirudishia kijembe. Akasema kwa polepole, ili nielewe, "Mboga hazikufanya kosa. Kwa nini unaziletea watoto wanaolia?"

Jioni ileile Baba Neema alikuja. Alikuwa ametoka Zhongda, na nyuzi za vitambaa zimemganda kwenye sweta. Alinipa shikamoo kwanza, maana alilelewa, kisha akanivaa.

"Mwalimu, umempeleka mwanangu kulima kwa sababu kachelewa?"

"Nimempeleka kupalilia, Baba Neema."

"Mimi nimelima miaka saba," akasema. "Nilichelewa kwa sababu nilikwenda kuteka maji, nikalima. Nilikosa daftari, nikalima. Mahindi yakaiva, tukayavuna sisi, tukayabeba kichwani mpaka kwa Mwalimu Mkuu. Mkewe akatuambia asanteni wanangu, tukarudi nyumbani na njaa. Unadhani nabeba majora hapa mgongoni kwa nini? Ni ili huyu asilishike jembe maishani mwake. Halafu wewe unamfuata mpaka China na jembe."

Nikaanza kukusanya madaftari mezani. Naye alikuwa ameshawapigia simu wazazi wenzake. Wengi wao walilima vilevile, Shinyanga, Kitui, Mwanza, na kila mmoja alikuwa na Mwalimu Mkuu wake wa kukumbuka. Kesho yake Madam Wangeci aliniita ofisini, akiwa amesimama kama kawaida.

"Hii story ya shamba imeniletea wazazi tangu asubuhi. Wanataka mkutano Jumapili, saa nane, wakitoka kanisani. Wakisema hapana, hizo boksi zinashuka. Na nikuambie ukweli, Mwalimu, wengine wanasema mshuke pamoja."

"Nimeelewa."

"Usiongee sana. Omba msamaha kwa hiyo adhabu, sema haitarudiwa, tumalize. Tafadhali."

Nilikuwa na siku nne. Nilizimaliza paani, nikipalilia peke yangu. Kazi ya shule ndiyo kitu pekee nilichokuwa nacho katika mji huu ambacho hakikuwa cha mume wangu, na nilijua kabisa ninachoweza kupoteza. Lakini kilichonikaa rohoni si kazi. Ni yule mtoto wa Mbozi na vitunguu vyake, amesimama wima anasema ni adhabu. Ilinichukua miaka yote hiyo na bahari nzima kusikia alichosema. Siku ya nne nilijua kwamba bustani ile siiachii, na kwamba sitaweza kuitetea kwa msamaha mdogo aliotaka Madam Wangeci.

Jumapili chumba cha darasa la tano kilijaa mpaka watu wakakaa juu ya madawati. Madam Wangeci alifungua, akanipa nafasi, akanitolea macho ya kunikumbusha. Nikasimama.

"Baba Neema ameuliza swali nikashindwa kujibu," nikasema. "Leo nitajibu. Mimi sikufundisha Shinyanga wala Kitui. Nilifundisha Tukuyu na Mbozi, na huko yule mwalimu mnayemkumbuka alikuwa mimi. Niliwalimisha watoto waliochelewa. Niliwalimisha waliokuwa na njaa. Mahindi yalipovunwa nilipewa debe langu kila mwaka, na nyumbani kwangu yalipikwa, na nikala. Hakuna mtoto aliyeniuliza, na mimi sikujiuliza. Wiki hii nimemfanyia Neema hivyohivyo. Naomba radhi kwake, na naomba radhi kwenu ninyi kwa ajili ya wale ambao hawapo hapa kuombwa."

Madam Wangeci alifumba macho. Mama mmoja wa Kitui akaguna kwa sauti. Niliendelea kabla sijapoteza nguvu.

"Lakini bustani siiondoi kwa hiari yangu. Wanenu wanaamini mboga inatoka kwenye simu. Mkiwapeleka kwa bibi zao wataona aibu, na bibi zao wataona aibu zaidi. Jembe halikuwatesa ninyi, sisi ndio tuliowatesa nalo. Mkitaka kuning'oa, ning'oeni mimi, boksi mziache."

Baba Neema alikuwa amesimama mlangoni tangu mwanzo. Akauliza swali moja tu.

"Na mboga za huko juu, nani anakula?"

"Waliozipanda. Wote, kwa foleni. Mimi nasimama mwisho wa foleni. Kikibaki, nakula. Kisipobaki, sili."

"Maneno hayo," akasema.

"Wiki tatu zijazo tunavuna. Njoo uone."

Hawakupiga kura siku ile. Walisema watangoja mavuno, na nilijua maana yake: wanakuja kuangalia bakuli langu. Nikawaambia watoto kwamba kuanzia sasa hakuna atakayepandishwa paani kwa kosa. Atakayekosa atabaki chini na mimi atafanya hesabu, na paani atakwenda anayetaka. Kwa siku mbili hakutaka mtu. Siku ya tatu Neema alipanda peke yake bila kuniaga. Nilimfuata nikamkuta na Ayi, wamechuchumaa mbele ya lile boksi tupu, wanasia upya. Nilirudi chini nikawaacha.

Siku ya mavuno wazazi walijaa paani kuliko watoto. Kulizuka mzozo wa mapishi. Ayi alitaka choi sam ichovywe kwenye maji ya moto na kutolewa, mama wa Kitui alitaka sukuma ikatwe nyembamba na kukaangwa, mimi nilitaka mchicha wangu na karanga. Ayi alishinda kwa sababu jiko lilikuwa lake. Tulisonga ugali, watoto wakapanga foleni, na mimi nikaenda nyuma ya mtoto wa mwisho na bakuli langu. Boksi la Neema lilikuwa na majani madogo bado, lakini aliyachuma machache akayatia kwenye sufuria, na hakumwambia mtu ni yake.

Watoto wanakula, nawaambieni. Mtu aliyepanda kitu na kukimwagilia hawezi kula kidogo. Zamu yangu ilipofika, sufuria lilikuwa na maji ya kijani na vitunguu saumu. Madam Wangeci akanong'ona kwamba ziko mboga nyingine chache zimewekwa pembeni kwa ajili ya walimu. Nikamwambia zirudishwe kwa watoto. Baba Neema alikuja akasimama mbele yangu, akachungulia ndani ya bakuli langu kama anayekagua sampo ya kitambaa, waziwazi, mbele za watu.

"Haya," akasema. "Mtoto aendelee."

Hivyo ndivyo bustani ilivyobaki, na hivyo ndivyo nilivyokula kwa miaka yote iliyofuata: mwisho. Siku nyingine nilipata ugali mkavu, siku nyingine kijani kidogo, na siku ya mahindi ya kuchemsha, ambayo Ayi alinisaidia kuyabembeleza yakubali maboksi, nilipata gunzi lililobaki punje kama nane. Nilizila zote nikizitafuna polepole. Maji hayakuvuja hata tone, na laoban mwenyewe alianza kupanda jioni kuchuma kitunguu cha majani, akidhani hatumwoni.

Mwaka huu nimetimiza miaka sitini, na vitu vyangu vimeshapakiwa kwenye kontena Nansha vinakwenda Dar. Bustani nimemkabidhi Mwalimu Zuhura, binti wa Mombasa anayefundisha sayansi. Nilimpa mkebe wa mbegu, kijembe, na kalenda ya Ayi yenye miezi ya kupanda. Aliniuliza kama kuna sheria. Nikamwambia zipo mbili, na zote ameshaziona kwa macho.

Kuna wazee wenzangu huko nyumbani wanaosema shamba la shule lirudi kama lilivyokuwa, kwamba lilitunyoosha. Nyinyi walimu vijana wasikilizeni nusu tu. Lirudi, ndiyo, kila shule, hata kwenye ndoo, hata juu ya paa. Ila kabla hujampa mtoto jembe, jiulize nani atakula, na kama jibu ni wewe, liweke chini jembe hilo uende ukalime mwenyewe.

Siku ya kuniaga tulivuna. Ayi alipika. Neema alikuja pia. Ana miaka kumi na minne sasa, alishahamia shule nyingine, na amerefuka kunipita. Watoto walikuwa wamekubaliana bila mimi kujua. Nilipokwenda kusimama nyuma, walinigeukia wote.

"Leo Mwalimu wa kwanza," Neema akasema.

"Mwalimu hana leo," nikasema. "Geukeni mbele."

Hawakutaka, wakalalamika, nikawatolea sauti ya Tukuyu, wakageuka. Foleni ikaanza kusogea. Baba Neema alikuwa mbele kabisa, karibu na sufuria, maana wazazi siku hiyo walialikwa kula. Nikamwona anatoka kwenye nafasi yake. Alipita watoto, akapita wazazi wenzake, bakuli mkononi, na mvi kidogo kichwani ambazo hakuwa nazo wakati ule. Akaja kusimama nyuma yangu.

"Baba Neema, nafasi hiyo ina mtu," nikamwambia.

"Ilikuwa na mtu," akasema.

Tulisogea hatua moja moja. Zamu yangu ilipofika, Mwalimu Zuhura alikwangua sufuria mpaka likalia, akapata mashina matatu ya choi sam, akayaweka kwenye bakuli langu. Kisha akamtazama Baba Neema, akatazama sufuria, akashusha upawa. Hakikubaki kitu. Baba Neema alisimama na bakuli lake tupu ameliinua mbele ya kifua, akiningoja. Machozi yalikuwa yananitoka na sikuyafuta. Nikala.